Jinsi ya kuchanganya udi, jazi na nyuzi za klasiko ukiwa Iringa au Mbeya

Niseme mapema kabisa: ukitaka kuchanganya udi na jazi, alafu uongeze vayolini na chelo kwa mtindo wa klasiko wa watu wanne watano, wa kupunguza ni hao wengine, sio udi. Udi, ile ala ya nyuzi ya taarabu na sio wa kufukiza, ni ala ya mstari mmoja, unatoa sauti moja baada ya nyingine na utamu wake upo kwenye jinsi sauti inavyoingia, inavyoteleza, inavyonyamaza, sasa ukimkalisha pembeni mtu wa kinanda anayejaza kodi nzito (sauti kadhaa kwa mpigo mmoja) kila bit, ule utamu wote unafunikwa na anayesikiliza anabaki na bendi ya kawaida tu ambayo kuna mtu amekaa mbele kashika kitu kizuri cha mbao. Kila nitakachoelekeza hapa chini kinatoka kwenye hilo moja, udi uongoze njia na wengine wapunguze.

Watu wa huku wengi wanadhani hii kitu ni ya Zanzibar peke yake. Ni kweli makazi ya udi kwetu ni pwani, vikundi vya taarabu vipo siku nyingi, Ikhwani Safaa wapo tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958, na ile Dhow Countries Music Academy ya Mji Mkongwe ilianzishwa 2002 kufundisha udi, kanuni (ala ya nyuzi nyingi inayolazwa), fidla na ngoma za kule. Ila Nyanda za Juu tuna utajiri wetu. Tuna kwaya ambazo zinasoma sofa, nota za do re mi, kama gazeti, mtoto wa darasa la sita anakuimbia d r m bila kuuliza, na tuna matarumbeta ya makanisa, Walutheri wa Iringa na Njombe, Wamoraviani ambao misheni yao ya Rungwe ni ya tangu 1891. Hao watu ndo orkestra yako, usihangaike kutafuta wengine.

Kuhusu kuupata wenyewe udi sitakaa sana. Wengi wanaagiza Zanzibar au Dar kwa watu wanaoleta kutoka Misri, Uturuki au Syria. Wa Kiarabu uzi wake unaolia ni kama sentimita 61, wa Kituruki mfupi kidogo, kama 58 na nusu, kwa kazi hii chukua wa Kiarabu maana besi yake ni nene. Kawaida una nyuzi 11, jozi tano na mmoja wa besi peke yake, hauna vyuma vya kugawa shingo kama gitaa, na hapo ndo siri yote ilipo. Angalia shingo haijapinda, angalia daraja, kile kibao kinachoshika nyuzi tumboni, halijaanza kunyanyuka, pita kidole kwenye viungo vya tumbo usikie kama kuna ufa. Kwenye basi usikubali uwekwe buti, ukae nao mapajani hadi mnamaliza Kitonga.

Kitu ambacho watu wa pwani hawatakwambia, kwa sababu kwao hakipo, ni ukavu. Udi uliozoea unyevu wa bahari ukifika Iringa au Mbeya kuanzia mwezi wa sita, mbao zinakauka zinasinyaa, uso unaweza kupasuka kabisa na vigingi vinaanza kuteleza, unatyuni dakika mbili ushashuka. Chukua kisahani cha sabuni cha plastiki chenye kifuniko, kitoboe toboe, weka humo sponji iliyoloa ikakamuliwa vizuri, kiweke ndani ya begi la udi na uwe unaangalia kila baada ya siku kadhaa isiwe imekauka. Vigingi vinavyoteleza vipake chaki kidogo na sabuni kavu ya mche. Na usiku wa baridi ule mkali msiuweke chumba chenye jiko la mkaa, najua kila mtu anataka kukaa karibu na jiko ila utauharibu udi.

Sasa kutyuni. Kuna tyuni nyingi ila kwa mchanganyiko huu tumia hii ya Kiarabu iliyozoeleka, kutoka chini kwenda juu: C F A D G C. Sababu yangu ni ya kazi. Chelo nyuzi zake tupu ni C G D A, zote nne unazo kwenye udi. Gitaa la besi ni E A D G, tatu unazo. Vayolini ni G D A E, tatu tena. Kwa hiyo wote mnakutana kwenye D, G na A bila kubana kitu, na uzi tupu ukilia upande mmoja wa upande wa pili unaitikia wenyewe, mbao zinaimba. Tyunini kwanza hizo sauti za pamoja, alafu ndo kila mtu aendelee na zake.

Hapa nataka twende taratibu maana ndo moyo wa kazi. Muziki wa Kiarabu unatembea kwa makamu, yaani njia ya sauti yenye nyumbani kwake, yenye kituo cha kupumzika katikati, na yenye tabia yake ya kupanda na kushuka. Makamu mengine yana robo toni, ile sauti iliyo katikati ya E flati (flati ni kushusha nusu toni, shapu ni kupandisha) na E ya kawaida, ambayo kinanda na gitaa la vyuma hawana kabisa. Mengine hayana, na anza na hayo. Nahawand, Hijaz, Kurd, Ajam, haya yote yanapigika kwenye kinanda bila shida.

Mwalimu wa kwaya mwelekeze kwa sofa, ataelewa hapo hapo. Weka do iwe B flati. Ukiimba kuanzia la mpaka la, l t d r m f s l, umepata Nahawand ya G, na ukitaka kupanda kwa mvuto so inakuwa se, yaani inapanda nusu toni. Ukianzia mi, m f s l t d r m, ni Kurd ya D. Hiyo hiyo ukibadili so iwe se, m f se l t d r m, tayari ni Hijaz ya D, D, E flati, F shapu, G, A, B flati, C, D. Angalia uzuri wake, tarumbeta nyingi za makanisa ni za B flati, do yao ya nyumbani ni hiyo hiyo, na nyuzi tupu za udi wote C, F, A, D na G zimo humo. Mtu wa tarumbeta au saksafoni ya tena (tenor) akipiga Nahawand ya G yeye kwenye karatasi yake anaona A ndogo (A maina), haina shapu wala flati, na mwenye saksafoni alto anaona E ndogo yenye shapu moja tu. Hakuna wa kulalamika. Na zaidi ya hapo, nusu ya juu ya Nahawand ya G, ukipanda na se, ndiyo Hijaz ya D, kwa hiyo unahama kutoka moja kwenda nyingine katikati ya wimbo bila kumwambia mtu yeyote abadili kii, nyumbani tu ndo panahama.

Mkishakaa miezi kadhaa na hayo, ingieni Bayati. Kwa do ile ile ya B flati ni Kurd ya D ambayo fa yake imepanda robo toni, basi. Udi, vayolini, chelo na sauti za watu wanaipata, tarumbeta mwenye mdomo mzuri anaipata kwa kubana, ila kinanda hakipati na kisilazimishwe. Mpe mtu wa kinanda au gitaa sauti hizi tu: D, F, G, A, C, na E asiiguse kabisa hadi wimbo uishe. Atasikia kama amefungwa mikono, mwambie avumilie, baada ya muda ataanza kuweka sauti mbili mbili, D na A, D na G, A na D ya juu, na nafasi atakayoacha ndo inafanya ile robo toni ya udi isikike kama ilivyo. Ukisikia kinanda kinapiga E flati huku udi uko robo juu yake hiyo sio jazi, ni mgongano.

Wanakwaya wenyewe wanapataje robo toni? Kwa kusikia, sio kwa mashine. Piga wewe kwenye udi, waimbe mdomo ukiwa umefungwa, rudia rudia, na kwenye karatasi ya sofa chora kimshale kidogo kinachoelekea juu pembeni ya f. Urefu wake haufanani kote, Mmisri na Mturuki hawaiweki mahali pamoja, kwa hiyo msikilize mpiga udi wenu alivyoichagua na wote mkae hapo. Na masikio yetu huku sio mageni kivile, azana za miji yetu mara nyingi zinapita kwenye Hijaz, Rast na Bayati, mtu amezisikia tangu mtoto hata kama hajui jina.

Jazi sasa. Unachokitaka kwenye jazi ni tabia ya kubuni papo hapo, kupeana zamu, na besi inayotembea, huhitaji yale makodi yanayobadilika kila nusu bit. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1950 kina Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi Mmarekani, walianza kukaa kwenye ngazi moja kwa muda mrefu badala ya kukimbizana na kodi, ile albamu yake Kind of Blue ya 1959 ni mfano wa wazi, na mlango huo ndo udi unapita bila kuinama. Hata kabla yake kidogo, 1958, Ahmed Abdul-Malik, mpiga besi Mmarekani aliyekuwa anapiga na mpiga piano Thelonious Monk, alishatoa albamu ya Jazz Sahara akishika besi na udi mwenyewe, pembeni kuna kanuni na vayolini na saksafoni ya Johnny Griffin. Sio kitu cha jana.

Wa kusikiliza kwa makini zaidi ni Anouar Brahem, mpiga udi wa Tunisia. Chukua albamu yake Thimar ya 1998: udi, besi ya Dave Holland, na John Surman kwenye saksafoni na klarineti ya besi, watu watatu, hakuna drams, hakuna kinanda. Sikiliza mara ya kwanza ukifuata udi, mara ya pili fuata besi peke yake, utaona Holland anaacha matundu makubwa wala haogopi. Alafu nenda Blue Maqams ya 2017 ambapo kuna drams za Jack DeJohnette na piano ya Django Bates, uone jinsi mpiga drams mkubwa vile anavyogusa tu. Kwa upande wa nyuzi za klasiko tafuta Arabian Waltz ya 1996 ya Rabih Abou-Khalil wa Lebanoni, pale kapanga udi na kwateti (kikundi cha watu wanne) ya nyuzi ya Balanescu, na ile kwateti haijawekwa nyuma kama pazia, inakata midundo inakimbia pamoja na udi. Mi nadhani hii ya mwisho ndo shule kubwa kwa anayepanga muziki, maana wengi tukisikia vayolini tunawaza kuweka sauti ndefu za kulia lia tu.

Kama huna mtu wa jazi hapo mjini usikate tamaa, mtafute mpiga gitaa la solo aliyekulia kwenye dansi, wale wa enzi za Morogoro Jazz na Tabora Jazz au vijana wanaopiga nyimbo zao baa. Amezoea kusuka mstari mmoja ukapishana na rizimu, anajua kusubiri, na hilo kwa udi ni bora kuliko mtu aliyejifunza makodi mia mtandaoni.

Mdundo. Mnaweza kuanza na maksum ya nne nne, rahisi, ila kinachowaunganisha kweli ni samai, ile ya bit kumi. Inagawanyika tatu, mbili, mbili, tatu, na watu wanapotea kwa sababu wanahesabu namba. Msihesabu namba. Semeni: I-ri-nga, Mbe-ya, Njo-mbe, Tu-ku-yu. Silabi kumi kamili. Mwenye dumbak, kile kingoma cha Kiarabu, anapiga dum kwenye I, tek kwenye Mbe, dum kwenye Njo, dum kwenye mbe ya mwisho wa Njombe, tek kwenye Tu, basi, silabi zingine anaziacha au anazijaza kwa vidole polepole. Tembeeni nayo mkiwa mnasema kwa mdomo huku mnapiga makofi kabla hamjashika ala yoyote, kwaya nzima ikiweza kuisema bila kusita ndo mpiga besi aingie. Besi anahitaji I na Njo tu mwanzoni. Drams wakiwepo watumie brashi na kengele moja ya shaba, fimbo wazifungie begi, na kayamba linafaa sana kwenye zile silabi za katikati.

Hebu nikupangie wimbo mmoja, wa dakika saba nane, Hijaz ya D, samai, muutumie kama kiunzi alafu mbadili mnavyotaka. Watu: udi, vayolini moja au mbili, chelo, besi, klarineti au saksafoni, dumbak. Chelo hakuna? Sauti za besi na za tena (tenor) za kwaya, watu sita wakifunga midomo, wanafanya kazi ya chelo vizuri mno, na mimi mara nyingine napenda hiyo kuliko chelo yenyewe.

Wanaanza wa chini, D na A ndefu, hazina mdundo. Kama kwenu Uheheni bado kuna mzee anayepiga ligombo, ile ala ya nyuzi ya Wahehe, muombeni kwa adabu aje, atyuni nyuzi zake kwenye D na A tu, atawapa mkondo ambao hakuna kinanda kinaweza kuutoa. Juu yake udi unaingia na taksimu, ile ya kubuni bila mdundo. Mpiga udi asikimbilie juu. Akae kwenye sauti tatu nne za kwanza, D, E flati, F shapu, G, azizungumze vya kutosha, arudi nyumbani, ndo apande A, aonje B flati, aende hadi D ya juu, ashuke. Dakika mbili zinatosha.

Dumbak linaingia na wimbo wenyewe, na hapa wote wanapiga sauti ile ile, udi, vayolini, klarineti, hakuna sauti ya pili wala ya tatu. Najua walimu wa kwaya hili litawauma, mkono unawasha kuandika alto na tena, naomba wajizuie. Kila mmoja aupambe kwa namna ya ala yake, vayolini inateleza, udi unarudia rudia uzi kwa risha, kile kipande cha kukwangulia nyuzi, klarineti inashika moja kwa moja, na zile tofauti ndogo ndo unene wenyewe wa muziki huu. Mzunguko wa pili chelo ijitenge, iwe na mstari wake wa polepole unaokwenda kinyume, udi ukipanda yenyewe inashuka. Sauti mbili. Inatosha kabisa.

Zamu ya saksafoni kubuni, chini yake wekeni D peke yake kwa mizunguko minane, alafu kama mnataka kodi zipite tatu tu, E flati kubwa, C ndogo, kurudi D kubwa, mzunguko mzima kwa kila moja. Mwambie asilete misemo yake ya bluzi aliyoizoea hadi awe ameshapita kwenye zile sauti nne za chini kama udi ulivyopita. Katikati ahamie G, iwe Nahawand, besi amfuate hapo hapo, alafu warudi D kwa kupitia F shapu. Wasikilizaji watasikia mlango umefunguka, na hakuna aliyebadili kii.

Baada ya hapo dumbak linyamaze, ni zamu ya nyuzi peke yao, na hii iandikwe kwenye karatasi, isiwe ya kubuni. Vayolini ya kwanza ianze kipande cha wimbo kwenye A, ya pili iingie mizunguko miwili baadaye na kipande hicho hicho kuanzia D, chelo ifuate nyuma, wakimbizane, na udi utulie kabisa, usiguse. Ukimya wa udi hapo unajenga hamu, ukirudi na besi wawili tu watu wote ukumbini wanainama mbele. Alafu wimbo wa pamoja mara moja, mwisho wote D, bila kodi.

Sauti ya mashine kwa ufupi. Fanyeni mazoezi bila maiki kabisa mkikaa nusu duara, udi katikati, na kama yeyote hausikii udi basi yeye ndo anapiga kwa nguvu, apunguze. Kwenye onyesho maiki moja ya udi ikae kama sentimita 20 hadi 30, ielekee kati ya daraja na tundu kubwa, isiangalie tundu moja kwa moja maana besi itavuma. Mtu wa mitambo mwambieni mapema asije akaanza kupandisha udi ushindane na drams, ashushe drams. Jenereta liwe mbali, upande wa nyuma ya jengo.

Rekodini kila mazoezi kwa simu iliyowekwa pale atakapokaa msikilizaji, sio miguuni kwa mpiga besi, alafu mtumiane siku hiyo hiyo, na mwalimu wa kwaya aandike kwa sofa yale ambayo udi umebuni vizuri ili wiki ijayo nyuzi zijibu. Onyesho lenyewe lipangeni kati ya mwezi wa sita na wa kumi, kumbi zetu nyingi ni za bati na mvua ya Tukuyu ikishaanza kugonga juu udi hata wenye maiki hausikiki. Na muwe na seti ya nyuzi za akiba kabla ya tarehe, hasa ule wa C ya juu ambao ni mwembamba na ndo unakatika kwanza, agizeni kwa anayepanda kutoka Dar mapema, msitegemee kuukuta dukani Mbeya siku mbili kabla.